Kesi Huanza Siku ya Kupokea Mzigo

Saruji ya Bugarama, Rwanda, haina safari ndefu kufika Bukavu. Inavuka mto Ruzizi, inapanda kilima, inashushwa Kadutu. Lakini tuseme imefika jioni, mvua inanukia, vijana wanashusha mifuko mbiombio na dereva anataka kugeuza kabla mpaka haujafungwa. Mwenye depo anatia sahihi kwenye boni ya kupokelea mzigo bila kuisoma. Asubuhi anakuta mifuko 40 imeganda kama jiwe. Anampigia simu mwagizaji aliyemuuzia, mwenye ofisi yake kule Ibanda, naye anaahidi kutuma mtu aje kuangalia. Mtu haji. Mwezi unapita, unakuja wa pili, na fakitire inadaiwa yote, pamoja na ile mifuko 40. Mwenye depo anagoma kulipa. Mwagizaji anaanza kutaja polisi.

Mfano huu nimeutunga, lakini mfanyabiashara wa mji huu atautambua. Weka bia mahali pa saruji, au sabuni, mafuta ya kula, dawa, vitenge: mgogoro ni uleule. Mmoja anatoa bidhaa, mwingine anazipokea ili aziuze, kati yao pana deni na imani, na imani ikikatika kila mmoja anauliza haki yake ataipata kwa njia gani.

Wengi hujibu upesi kwamba Congo hakuna sheria, mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Nalikataa jibu hilo. Sheria ya biashara inayotuhusu imeandikwa wazi, ina hatua zake na muda wake. Kinachotuangusha ni kwamba sheria hiyo inamtaka mtu aanze kujilinda siku lori linaposimama mlangoni, nasi huanza kujilinda siku ya ugomvi. Katika uchambuzi huu nitapita dawa za kisheria moja baada ya nyingine, za mwenye depo na za mgavi wake, nionyeshe inafanya kazi wapi na inakwama wapi.

Sheria zinazotutawala

Msingi wa zamani kabisa ni Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotungwa enzi za Mfalme Leopold II na ambayo bado ni kitabu cha tatu cha sheria yetu ya madai. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga, na kwamba yatekelezwe kwa nia njema. Maneno hayo ya nia njema tutayahitaji mbele.

Juu ya msingi huo likaja jengo jipya. Congo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, na tangu tarehe 12 Septemba 2012 Sheria za Pamoja za umoja huo zinatumika hapa moja kwa moja. Ile inayogusa zaidi depo zetu ni Sheria ya Pamoja ya Biashara kwa Jumla, iliyorekebishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Ina sura nzima juu ya mauzo kati ya wafanyabiashara, kuanzia kifungu cha 234. Nyingine ni ile ya kudai madeni na kutekeleza hukumu, iliyoandikwa upya hapa kwetu, mjini Kinshasa, tarehe 17 Oktoba 2023.

Kesi zenyewe husikilizwa na Mahakama ya Biashara, aina ya mahakama iliyoanzishwa na sheria ya 3 Julai 2001. Uzuri wake ni kwamba jaji wa serikali huketi pamoja na majaji wanaotoka miongoni mwa wafanyabiashara, watu wanaojua boni ni nini na mzigo hupotelea wapi. Rufaa huenda Mahakama ya Rufaa, na pale Sheria za Pamoja zinapohusika, neno la mwisho ni la mahakama ya OHADA iliyoko Abidjan. Kutoka Kadutu hadi Abidjan ni mbali mno kwa mtu anayedai fakitire moja. Ndiyo maana haki ya mwenye depo inabidi ipatikane hukuhuku chini, tena mapema.

Mali ni ya nani?

Mtu anapomwita mgavi wake "mwenye mali", hajui kwamba amejibu swali ambalo jaji ataliuliza kwanza. Yapo mahusiano ya aina tatu, ambayo kwa macho yanafanana na kisheria yako mbalimbali.

La kwanza ni kununua ili kuuza. Mwenye depo ananunua, hata kama kwa deni, kisha anauza kwa jina lake na faida yake. Kwa Sheria ya Pamoja, mzigo unakuwa wake anapoupokea, na kuanzia hapo hatari nayo ni yake: ukinyeshewa, ukiibwa, ukiungua, bei bado anadaiwa.

La pili ni mali kauli. Bidhaa zinawekwa kwake ziuzwe, zinabaki za mgavi mpaka zipate mnunuzi, na baadaye anarudisha pesa au mzigo uliobaki. Hapa hatari kwa kawaida haijahama, ila akizila fedha za watu anaweza kuitwa mwizi wa amana.

La tatu ni uwakala wa biashara. Wakala hanunui, anatafuta wateja na kufunga mikataba kwa niaba ya mgavi, naye hulipwa kamisheni. Wakala huyu ndiye aliyelindwa kuliko wote, kama tutakavyoona.

Tatizo la Bukavu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa vyote vitatu katika juma moja, na mgavi mmoja, bila karatasi hata moja inayotofautisha. Mgogoro ukizuka kila upande unachagua jina linaloufaa siku hiyo: leo mgavi anasema ilikuwa mali kauli ili apate kutisha kwa jinai, kesho mwenye depo anasema ilikuwa mali kauli ili hasara ya moto imwangukie mgavi. Sentensi moja kwenye boni, "mzigo umeuzwa" au "mzigo umewekwa uuzwe", ingeumaliza ubishi huo kabla haujaanza.

Mwezi mmoja, mwaka mmoja, miaka miwili

Tumrudie mwenye depo wa saruji. Sheria inampa dawa kadhaa: adai mifuko mibovu ibadilishwe, bei ipunguzwe, mkataba uvunjwe ikiwa kasoro ni kubwa, na alipwe fidia ya hasara aliyopata. Inampa pia wajibu wa kupunguza hasara hiyo. Hawezi kuiacha mifuko mizuri inyeshewe uani halafu adai yote.

Ila dawa hizo zina muda wa kuisha. Kasoro inayoonekana kwa macho siku ya kupokea lazima ilalamikiwe kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja tangu mzigo upokewe. Kasoro iliyojificha, kama dawa iliyoharibika ndani ya kopo lililofungwa, hulalamikiwa ndani ya mwaka mmoja tangu igundulike au ilipopaswa kugundulika. Na kesi yoyote ya mauzo ya biashara hufa baada ya miaka miwili, kwa kifungu cha 301. Mfuko wa saruji ulioganda unajulikana kwa kuushika tu. Mwenye depo aliyesubiri mtu asiyekuja mpaka mwezi wa pili, bila malalamiko anayoweza kuyathibitisha, ameipoteza haki yake hata kama mifuko ile imesimama uani kama ushahidi.

Swali linakuwa hili: je, ile simu ya asubuhi si malalamiko? Ni malalamiko, ikiwa inaweza kuthibitishwa. Hapa sheria ni ya ukarimu kuliko tunavyodhani. Mauzo ya biashara hayahitaji mkataba ulioandikwa; kati ya wafanyabiashara ushahidi wa kila namna unakubalika, pamoja na wa kielektroniki. Tangu Machi 2023 Congo ina pia Sheria ya Dijitali inayotambua maandishi na sahihi za kielektroniki. Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, picha ya mifuko ikiwa kando ya lori, na jibu la mgavi "nimeona, nitatuma mtu" ni ushahidi wenye nguvu. Simu iliyopigwa ikaisha hewani haina pa kushikwa.

Yapo mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Kwanza, daftari la biashara lililotunzwa vizuri linaweza kupokewa na jaji kuwa ushahidi kati ya wafanyabiashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watunga sheria wameafikiana nao. Pili, barua za kudai hazisimamishi ile saa ya miaka miwili. Kinachoikata ni kesi mahakamani, hatua ya utekelezaji, au mdaiwa mwenyewe kulikiri deni. Ndiyo maana ujumbe mmoja wa "nitakulipa mwezi ujao" una thamani kuliko barua kumi za vitisho: unaianzisha saa upya.

Kwa mizigo inayotoka nje upo pia msaada wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Taarifa ya ukaguzi iliyoandikwa na mtu asiye wa upande wowote ina uzito ambao neno la mwenye depo peke yake haliwezi kuwa nao.

Anayekatwa ghafla

Kuna maumivu makubwa kuliko mifuko 40. Mtu ameuza bidhaa ya kampuni moja miaka kumi na miwili. Amejenga depo, amenunua magari, amewazoesha wateja wa Bagira mpaka Kabare kunywa kinywaji hicho au kufulia sabuni hiyo. Siku moja lori linampita linaenda kwa jirani, wala hajapewa barua.

Angekuwa wakala wa biashara, Sheria ya Pamoja ingesimama upande wake. Mkataba usio na muda maalumu hauvunjwi bila taarifa: mwezi mmoja katika mwaka wa kwanza, miwili katika wa pili, mitatu kuanzia wa tatu. Na wakala asiye na kosa anastahili malipo ya kuachana. Lakini yeye ananunua na kuuza mwenyewe, na kwa mtu wa aina hiyo Sheria za Pamoja hazina sura maalumu.

Historia imetutendea vibaya hapo. Ubelgiji, ambako sheria zetu za madai zilitoka, ilitunga tarehe 27 Julai 1961 sheria ya kumlinda msambazaji pekee asikatwe bila taarifa ya kutosha au fidia ya haki. Congo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kinga hiyo ikazaliwa huko miezi kumi na mitatu baada ya sisi kuondoka, na hatukuwahi kujitungia yetu.

Je, hana dawa kabisa? Anayo, ila inabidi aijenge mwenyewe kwa matofali ya kawaida. Tofali la kwanza ni nia njema ya mwaka 1888: kumwacha mtu aongeze depo mwezi Machi ukijua utamkata Aprili si nia njema. La pili ni kanuni kwamba anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake sharti ailipe. La tatu ni sheria ya ushindani ya 9 Julai 2018, inayokataza kampuni yenye nguvu sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo. Na Sheria ya Pamoja yenyewe inasema kwamba mtu anaweza kuvunja mkataba peke yake pale tu kosa la mwenzake ni zito, tena kwa hatari yake mwenyewe, maana jaji anaweza kuamua baadaye kwamba alikosea. Kila moja ya hoja hizo inahitaji ushahidi: oda za kila mwezi, ujumbe wa mgavi uliomtaka aongeze magari, bei za miaka yote. Asiye na kumbukumbu hizo anaingia mahakamani na uchungu wake tu.

Mgavi asiyelipwa

Tugeuke upande wa pili, maana si haki kumfanya mgavi kuwa adui wa hadithi. Wapo wenye depo wanaopokea mzigo kwa tabasamu na kuzima simu siku ya malipo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa kali ya mgavi ni amri ya malipo. Anayedai deni la hakika, la kiasi kinachojulikana, ambalo siku yake imefika, anamwandikia rais wa mahakama ya mahali anapoishi mdaiwa. Jaji anasoma karatasi bila kumwita mtu. Akiridhika anatoa amri. Mdaiwa anafikishiwa amri hiyo na huisie, afisa wa mahakama, na anapewa siku chache za kuipinga. Akinyamaza, amri inaweza kutekelezwa kama hukumu. Akiipinga, mahakama huanza kwa kujaribu kuwapatanisha kabla ya kusikiliza kesi. Ipo na amri ndugu yake, ya kutoa au kurudisha kitu, inayomfaa mwenye depo aliyelipa mzigo kisha mzigo ukazuiliwa, au mgavi anayetaka mali kauli yake irudi.

Mgavi akiogopa kwamba mdaiwa atahamisha mali usiku, anaweza kuomba ikamatwe kwanza kama tahadhari, bila mdaiwa kuonywa. Lakini hatua hiyo inambana yeye pia: asipofungua kesi ndani ya mwezi mmoja, kukamata huko kunaanguka. Na pale bei inapochelewa, riba ya kisheria huhesabiwa tangu onyo la maandishi lilipotumwa.

Mgavi mwenye busara hajiwekei dawa siku ya ugonjwa. Anaandika kwenye mkataba kwamba mzigo utabaki wake mpaka ulipwe wote, na anaandikisha sharti hilo kwenye rejesta ya biashara, ambayo watu huijua kwa herufi RCCM. Asipoliandikisha, mdai mwingine wa mwenye depo hatalazimika kulijali. Anaweza pia kudai mdhamini au kuwekewa rehani akiba ya bidhaa. Hapa tena sheria inawapendelea walioandikishwa. Mfanyabiashara asiye na namba ya RCCM hawezi kudai heshima ya mfanyabiashara mbele ya jaji, ila mizigo ya mfanyabiashara anabebeshwa yote. Wenzetu wengi wa Kadutu wamo humo, wengi wao mama wanaolisha familia nzima kwa depo moja, na hakuna aliyewaambia kwamba sheria ina mlango mdogo wa kuingilia, ule wa mjasiriamali anayejitangaza kwa tamko tu.

Gereza halilipi deni

Ipo dawa nyingine inayotumika sana Bukavu, nami naipinga kwa nguvu zangu zote: kumfungisha mdaiwa. Mgavi anakwenda kwa askari au kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, anataja utapeli au uvunjaji wa amana, mwenye depo anawekwa ndani, ndugu wanachanga, pesa kidogo inapatikana, nyingine inabaki njiani.

Kisheria mstari uko wazi. Uvunjaji wa amana, kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai, unamhusu aliyekabidhiwa kitu akirudishe au akitumie kwa kazi maalumu, kisha akakifuja kwa hila. Aliyepewa mali kauli na kuzila fedha zake anaweza kuingia hapo. Aliyenunua kwa deni hawezi: mali ilikuwa yake, anachodaiwa ni bei. Utapeli nao unahitaji uongo wa mwanzoni uliomfanya mwenzake atoe mali. Kushindwa kulipa baadaye peke yake si uongo. Congo imefungwa pia, tangu 1976, na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba.

Lakini zaidi ya haki kuna hesabu. Mwenye depo akiwa ndani, depo imefungwa. Wateja wanahamia kwa jirani, mkopo wa pili unakosa pa kutoka, na mgavi aliyetaka dola zake amelivunja duka ambalo lingezizaa.

Ng'ambo ya Ruzizi, ng'ambo ya bahari

Bidhaa zetu nyingi zina wagavi wa mbali: Kigali, Kampala, Dar es Salaam, Nairobi, Dubai, Guangzhou. Hapo swali la kwanza ni sheria ya nani.

Congo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, unaotumika kwetu tangu 1 Julai 2015. Uganda, Burundi na China zimo, na Rwanda imeingia, kwake ukianza kutumika mwezi Oktoba 2024. Tanzania na Kenya hazimo. Maana yake ni kubwa kwa saruji yetu. Kama mwenye depo angenunua moja kwa moja kwa muuzaji aliyeko Rwanda, na wao wasiseme vingine, mkataba huo ndio ungeongoza, nao hausemi mwezi mmoja: unamtaka mnunuzi alalamike ndani ya muda wa kufaa tangu aone kasoro au alipopaswa kuiona, na kwa vyovyote isizidi miaka miwili. Mifuko ni ileile na mto ni uleule, lakini muda umebadilika kwa sababu ya anwani iliyoandikwa kwenye fakitire.

Swali la pili ni jaji yupi. Hukumu ya mahakama ya Bukavu haina miguu ya kutembea mpaka Dubai. Uamuzi wa msuluhishi unayo. Tangu Februari 2015 Congo imefungwa na Mkataba wa New York wa 1958, ambao nchi wanachama wake, zikiwemo Tanzania, Kenya, China na Falme za Kiarabu, hutambua na kutekeleza maamuzi ya usuluhishi wa kigeni. Na kwa kuwa Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wanaweza kuandika ndani ya mkataba wao kwamba mgogoro upelekwe kwa Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, iwe msuluhishi. Mkataba wa Jumuiya unairuhusu kwenye kifungu cha 32. Kwa mtu wa Bukavu anayenunua Dar es Salaam, Arusha ni mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kufika.

Hata hivyo, kifungu cha usuluhishi lazima kiwepo kabla ya ugomvi. Wengi wetu tunasaini fakitire za nje zenye maandishi madogo nyuma yanayotupeleka mahakama ya nchi ya muuzaji, na tunayasoma siku avoka anapotuuliza.

Vita vinapoingia katikati

Hakuna uchambuzi wa Bukavu unaoweza kukwepa Februari 2025. Katikati ya mwezi huo mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama, benki zilifunga milango, bohari ziliporwa. Shirika la Chakula Duniani peke yake lilisema limepoteza tani 6,800 za chakula ndani ya Bukavu. Kiwanda cha bia cha Bralima nacho hakikusalimika, na mwezi Juni Heineken, kampuni mama, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma na imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Mahakama za serikali mjini zilinyamaza.

Nani anabeba hasara ya siku zile? Sheria ya Pamoja, kifungu cha 294, inamwachilia aliyeshindwa kutimiza wajibu kwa kizuizi kilicho nje ya uwezo wake, ambacho hakikuweza kutazamiwa. Wengi wameishika kanuni hiyo kama ufunguo wa milango yote. Si hivyo.

Mwenye depo aliyepokea mzigo kwa deni kisha akaporwa anabaki na deni. Mali ilikwisha kuwa yake, na hatari aliipokea pamoja na mzigo. Benki kufungwa kunaweza kumpa udhuru wa kuchelewa, hakulifuti deni. Kama ilikuwa mali kauli, mambo yanageuka, na hasara yaweza kumrudia mgavi. Mzigo ulioporwa barabarani una hesabu yake tena: mauzo yanapohusisha usafirishaji, hatari kwa kawaida huhama mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza, isipokuwa kama wenyewe walikubaliana vingine. Na mgavi aliyelipwa kabla, kisha akashindwa kuleta, vita vinamwepusha na fidia tu. Fedha alizopokea bila kutoa bidhaa si zake, zikiwemo zile za amana za kreti na chupa.

Ile saa ya miaka miwili je? Sheria inasema muda hausongi dhidi ya mtu ambaye nguvu kubwa imemzuia kutenda. Mahakama isiyofanya kazi ni hoja nzito ya namna hiyo. Muda husimama pia pande mbili zinapokubaliana, baada ya mgogoro kuzuka, kwenda kwa mpatanishi. Upatanishi nao una Sheria yake ya Pamoja tangu Novemba 2017, na mapatano yanayopatikana yana nguvu ya mkataba. Wakati mahakama ziko kimya, meza ya wazee wa soko, ya chama cha waajiri FEC, au ya avoka wawili wanaoheshimiana ndiyo mahakama iliyobaki. Ninachosihi ni kwamba makubaliano ya meza hiyo yaandikwe, yatiwe sahihi, na tarehe iwepo.

Boni ya Kiswahili

Ukizipanga dawa zote hizi mstari mmoja, utaona zinategemea maneno machache yaliyoandikwa siku moja: mzigo umeuzwa au umewekwa, umepokelewa salama au una kasoro, utalipwa lini, mgogoro utaamuliwa wapi. Maneno hayo machache yanatushinda kwa sababu moja ambayo tunaona haya kuitaja. Biashara ya Bukavu hufanywa kwa Kiswahili, na boni zake zimechapwa kwa Kifaransa. Mwenye depo anajua kuhesabu kuliko avoka wake, lakini kile kisanduku cha kuandika kasoro kilicho chini ya boni hajui ni cha nini, hivyo hukiacha wazi na kutia sahihi. Katiba ya 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hakuna kifungu cha Sheria ya Pamoja kinachokataza boni kuandikwa kwa lugha hiyo.

Chama cha mawakili cha Kivu ya Kusini, vitivo vya sheria vya vyuo vikuu vyetu na FEC wangeweza kukaa pamoja na kutoa boni moja ya mfano, ukurasa mmoja, kwa Kifaransa upande huu na Kiswahili upande ule, bila kungoja bunge wala amani. Tuwaze basi jioni ile ya mvua kwa mara ya pili. Dereva ana haraka, vijana wanashusha, na mwenye depo anaona mstari umeandikwa kwa lugha yake: "Bidhaa zenye kasoro: ____". Anashika mifuko, anahesabu, anaandika 40. Dereva anatia sahihi chini yake. Mwagizaji wa Ibanda akipokea nakala kesho yake hatataja polisi. Atauliza mifuko mingine 40 iletwe lini.